Benki ya chakula mtaani Malindi: huo mfuko wa unga utamfaa nini mtoto?

Swali limetoka kwa ustadh mmoja wa madrasa, Malindi upande wa Maweni, nimelifupisha kidogo: "Assalaam alaykum. Jumamosi na Jumapili asubuhi nina watoto kama saba wanasinzia chuoni, mwalimu wao wa shule aniambia siku za wiki wako sawa, kule kuna chakula cha mchana. Kuna kijana mmoja wa miaka 8 nikiwapa mahamri anakula nusu, nusu nyingine anaifunga kwa karatasi ya daftari anaitia mfukoni mwa kanzu, ati ya mdogo wake nyumbani. Vijana wa mtaa wanataka tuanzishe benki ya chakula kama zile za Ulaya. Wazee wanasema tutazoesha watu kuomba. Je hizo benki zinasaidia watoto kweli ama ni za kupigiwa picha tu? Na tukianza tuanzie wapi?"

Waalaykum salaam ustadh wangu. Samahani nimechelewa kujibu, swali lako nimekaa nalo wiki nzima, na hio nusu hamri imenikaa kichwani zaidi. Tutairudia mwisho.

Mimi kazi yangu ni lishe, zaidi ya miaka 20 huku pwani, kliniki na mashinani, kwa hivo nitakujibu kama mtu wa lishe, mambo ya kusajili kikundi vijana wenu watayajua kunishinda. Jibu fupi: ndio, zinasaidia, lakini si kwa njia watu wengi wanayofikiria. Watu wanaona mfuko, unga, mafuta, wanasema haya mtoto ameshiba. Mfuko wenyewe ni mdogo sana ukiupigia hesabu, na hesabu yenyewe nitakupigia. Kinachomsaidia mtoto ni mamake kujua kwa hakika mfuko mwengine unakuja lini.

Njoo nikuonyeshe jikoni. Mama ana nusu kilo ya unga, leo Alhamisi, bwanake ni mvuvi na upepo wa kusi umekaza siku ya nne hawajashuka baharini, kesho haijulikani. Unga upo, sio kwamba hana! Lakini hatapika uji mzito, atapika mwepesi ili ule unga umfikishe Jumapili, na mimi pia ningefanya hivo, wewe pia. Sasa mtoto wa mwaka mmoja na kitu tumbo lake ni dogo, lachukua kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, wa kilo 8 kikombe kimoja cha chai basi amejaa. Kikombe hicho kikiwa maji yalopakwa rangi ya unga amejaa na hajala, halii, analala, na mama anaona ah mtoto wangu kashiba. Kumbe kijiko kimoja kikubwa cha unga ndani ya kikombe hakifiki hata kalori 50, na mtoto wa umri huo (kuanzia mwaka hadi miaka miwili) anahitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na ziwa la mamake. Kijiko kidogo cha chai cha mafuta ya kupikia kina kalori 40 na ushei, yaani kinakishinda kijiko kikubwa cha unga. Kwa hivo tone la mafuta kwenye uji si anasa.

Kipimo ninachowapa kina mama hakitaki mizani. Chota uji kwa kijiko, ugeuze kijiko upande. Ukimwagika kama chai, huo ni wa kunywa mtu mzima aliye na kiu. Ukikaa kwenye kijiko na kuanguka polepole, huo ndio wa mtoto.

Sasa yule mama, ukimwambia Jumamosi saa nne pale dukani kuna mfuko wako, na Jumamosi ya wiki mbili zijazo upo tena, na mwezi ujao upo, Alhamisi hio hio na nusu kilo ile ile atapika uji mzito. Hujampa kitu bado, umempa ratiba tu. Ndio maana mimi nawaambia watu wa misaada wanaokuja na lori moja kubwa mara moja kwa mwaka, mabango na spika, bora mlete robo ya hicho chakula lakini mlete kila baada ya wiki mbili bila kukosa. Hawanipendi kwa hilo.

Hizi benki historia yake ni fupi na nadhani vijana wako wataipenda. Mwaka 1967 mji wa Phoenix, Arizona, Marekani, kulikuwa na mzee amestaafu biashara anaitwa John van Hengel, alikuwa akijitolea kwenye jiko la kanisa la kulisha masikini. Akakutana na mama wa watoto kumi, bwanake yuko jela, na huyo mama alikuwa akilisha wanawe kwa kuokota vyakula nyuma ya supamaketi, vile vinavyotupwa na bado vizima. Mama ndiye alotoa wazo, akasema ingefaa kuwe na mahali kama benki, wenye nacho waweke, wasio nacho watoe. Van Hengel akaenda kwa kanisa la St. Mary's, wakampa jengo lililoachwa na dola 3,000, na mwaka wa kwanza wakagawa karibu tani 125. Kwa hivo akija mzee kukwambia hii ni fikra ya wazungu wenye pesa, mwambie ni fikra ya mama aliyekuwa jaani akichambua ndizi.

Na hapo kuna jambo watu hulichanganya. Benki ya chakula asili yake ni stoo, si dirisha la kugawia. Inapokea vyakula kwa wingi kutoka kwa wakulima, viwanda, maduka, inavipanga, inavikagua, alafu inawapa wale wanaojua watu kwa majina, yaani shule, madrasa, makanisa, nyumba za mayatima, vikundi vya kina mama. Hata hapa Kenya iko moja, Food Banking Kenya, Nairobi, ilianza 2017, inaokoa mboga na matunda mashambani ambayo soko limeyakataa kwa sababu karoti imepinda ama nyanya ni ndogo, inapeleka kwa watoto. Wafaransa wao walitunga sheria kabisa mwaka 2016, supamaketi ya zaidi ya mita mraba 400 hairuhusiwi kuharibu chakula kizima kilobaki, lazima iwe na mapatano na mashirika ya kugawa. Na usione hii ni shida yetu sisi tu, Uingereza mtandao mmoja wa benki za chakula, Trussell, peke yake mwaka ulioishia Machi 2024 uligawa vifurushi zaidi ya milioni 3, na zaidi ya milioni 1.1 vilikuwa vya watoto. Uingereza hio hio inayotuletea wataalamu.

Lako la Jumamosi sasa. Uloliona wewe chuoni, nesi mmoja wa shule aliliona Little Rock, Arkansas, miaka ya 90: watoto wanamjia na maumivu ya tumbo na kizunguzungu, kumbe ni njaa. Benki ya chakula ya huko ikaanza kuwatilia chakula kwenye mikoba yao ya shule kila Ijumaa, vitu ambavyo mtoto anaweza kula hata kama nyumbani hamna moto, na mtindo huo ukaenea Marekani nzima. Shule inalisha siku tano, tumbo linahesabu saba. Kwa hivo jibu la kwanza kwenye swali lako "tuanzie wapi" mimi naona ni Ijumaa jioni. Sio Idi, sio siku mheshimiwa yuko huru.

Hesabu niliyokuahidi. Tuseme mfuko wenu wa wiki mbili una unga kilo 6, pojo (ndengu) kilo 2, mafuta lita 1. Unga kilo moja ni kama kalori 3,500, pojo karibu sawa na hio, mafuta lita ni kama 8,000. Jumla inacheza kwenye 36,000. Familia ya watu watano kwa kipimo kinachotumika kwenye misaada, kalori 2,100 kwa kichwa kwa siku, inataka 10,500. Gawanya. Siku tatu na nusu hivi. Siku tatu na nusu katika siku kumi na nne! Ndio maana nawaambia musije mkasema mumelisha familia, mumeshika mkono tu. (Hata vile vifurushi vya Trussell ni vya siku tatu angalau, wao wanajua na wanasema wazi.) Lakini angalia zile pesa. Huyu mama alikuwa akinunua unga wa kupima na mafuta ya shilingi kumi kumi kwenye kikaratasi, na wewe wajua anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa ghali kushinda wote. Siku tatu na nusu ambazo hanunui unga, zile hela zinakwenda kwenye nyanya, mchicha, changu mmoja mdogo, nauli ya kliniki, deni la dukani, au ile pesa ya mtihani ambayo mtoto alikuwa akirudishwa nyumbani kwa ajili yake. Mfuko wa unga mara nyingi unaliwa kama mboga na dawa, ukifuatilia.

Na kuna mtu mwengine anayeshiba ambaye kwenye hesabu haonekani. Chakula kikipungua nyumbani mama ndiye anayeruka kwanza, anasema mimi nshakula, mimi sina njaa, chai ya rangi yanitosha. Huyo huyo ananyonyesha, na anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 zaidi kwa siku kuliko alivyokuwa. Kwa hivo mukiulizwa mfuko huu ni wa nani, semeni ni wa mama kwanza.

Nikwambie kosa letu moja, manake hili sikusoma kitabuni. Mwaka fulani, sitautaja, mimi na wenzangu tuligawa mahindi mazima na maharagwe makubwa mekundu, shehena nzuri, tulijiona. Wiki ya pili nikamtembelea bibi mmoja anayelea wajukuu wanne, yale maharagwe yako kwenye gunia vile vile. Nikamuuliza bibi mbona hamli? Akacheka, akanishika mkono akanipeleka jikoni kwake akanionyesha makaa, kifuko kimoja cha rejareja, ndicho cha siku hio na siku ya pili. "Mwanangu," anambia, "haya mawe yenu yataka saa tatu motoni. Niyapike na nini, na miguu yangu?" Mahindi nayo walikuwa wameuza debe moja wapate hela ya kusagia debe la pili. Tangu hapo kabla sijanunua kitu cha kugawa nauliza maswali mawili tu, inasagwa wapi na inaiva kwa moto gani. Pojo zinaiva haraka, kunde ukiziroweka usiku haraka, mbaazi changa haraka. Dagaa wakavu, ama simu, wale samaki wadogo wa hapa kwetu, zilokaushwa vizuri, hazitaki moto mwingi na ukizisaga unga wake ukatia kijiko kwenye uji wa mtoto umemaliza maneno.

Unga ikiwezekana uwe wa paketi kuliko wa posho mili, najua ni ghali kidogo, lakini tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa paketi utiwe madini ya chuma na vitamini, mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A, ule wa kinuni haujatiwa kitu. Na mukipewa mahindi mazima na mkulima, mungu ambariki, lakini muyakague sana, pwani hii ina unyevu. Mahindi yakiwa hayajakauka (kipimo ni asilimia 13.5 ya unyevu au chini yake) yanashika kuvu, na sumu ya kuvu hio haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2004 Ukambani watu 125 walikufa kwa mahindi ya aina hio. Kwa hivo yanayonuka uvundo ama yana rangi ya kijani ama nyeusi musiseme kuku watakula, tupeni kabisa. Magunia yasikae sakafuni, wekeni juu ya mbao, mbali na ukuta, na kinachokaribia kuharibika ndicho kinatoka kwanza hata kama kililetwa jana.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga musipokee. Atatokea mtu mwema na katoni nzima, anataka na picha. Mkataeni kwa adabu. Mtoto chini ya miezi sita ni ziwa la mama tu, hata maji hataki, na kopo likiisha baada ya wiki mbili ziwa lishakauka na maji ya kuchanganyia ni ya kisima, hapo umemtafutia mtoto kuhara. Kenya ina sheria yake ya 2012 inayobana sana mambo ya maziwa haya, sio maoni yangu mimi. Mlisheni mama, mama atamlisha mtoto.

Sasa nyinyi Malindi muna bahati yenu na muna wakati wenu mgumu, na hapa ndipo mimi naona benki yenu ingefanya kazi ambayo ya Nairobi haiwezi kuwafanyia. Ukipita Ganda ama Magarini msimu wa maembe, ngowe zimelala chini ya miti zinaoza, mbuzi wamechoka kuzila, na miezi michache baadae mtoto wa nyumba hio hio hana tunda hata la dawa. Embe lilokatwa vipande vyembamba likakaushwa kwenye wavu juani, limefunikwa nzi wasitue, lakaa miezi. Alafu Ramadhani. Wewe wajua kunishinda: mwezi ule tende zaja kwa katoni, mchele kwa magunia, kila msikiti una futari, Idi ina fitri yake, mtu anaweza kupata vifurushi vinne kwa siku moja. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiandama, kimya. Mfungo Pili kimya. Na miaka hii Idi ikipita tu kusi nalo laingia, Mambrui na Ngomeni vyombo viko pwani, wageni mahotelini wamepungua, vijana wa mahotelini wameambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe, yaani kila mlango unafungwa kwa wakati mmoja. Kama ningekuwa na sauti msikitini ningewaambia wafadhili, nusu ya ulokusudia kutoa Ramadhani kama sadaka niwekee, niitoe kidogo kidogo Mei, Juni, Julai. Fitri ina sharti zake na wakati wake, hio siigusi, siwezi kukufundisha wewe. Nasema sadaka. Kwa hilo neno benki ndio linapata maana yake, unaweka wakati kiko unatoa wakati hakiko.

La wazee. Wazee wasidharauliwe, wana neno. Edmonton, Canada, walianzisha benki ya chakula 1981, ya kwanza nchini mwao, wakasema ni ya muda tu mpaka uchumi ukae sawa. Bado iko mpaka leo. Chakula cha msaada hakimalizi umasikini, kinachomaliza ni kazi na pesa mkononi, na anayekwambia vingine ana kitu anauza. Lakini wazee wanaposema watu watazoea kuomba, mimi kwa miaka yote hii niloona shida ni kinyume. Anayehitaji kushinda wote haji. Ana haya. Yule wa kelele atakuja mara mbili, yule ambaye wanawe wanalala na chai ya rangi atapita mbele ya foleni yenu macho yako mbele kama anaenda kwengine. Kwa hivo kazi yenu kubwa ni kumsitiri.

Foleni isiwepo. Picha isiwepo, na hapa sitanii, nishaona mtoto wa darasa la nne picha yake ameshika mfuko wa msaada imezunguka kwenye grupu la wasapu la wazazi, Jumatatu wenzake wakampa jina la chapa ya ule unga, hakurudi shule wiki mbili. Ongeeni na mwenye duka mmoja muaminifu. Familia inapewa kikaratasi chenye nambari tu, bila jina, mama anakwenda dukani kama mteja yeyote, anatoa kikaratasi anapewa mfuko wake, mwenye duka anawaletea nyinyi vikaratasi mnamlipa. Jirani akiona ameona mtu katoka dukani na unga. Haya, kuna nini?

Orodha musiitengeneze nyinyi peke yenu, mutaandika shemeji zenu (usikasirike, ni binadamu). Mwalimu wa shule anajua nani anasinzia, mhudumu wa afya wa mtaa yule anayepita nyumba hadi nyumba anajua nani ana mtoto mwenye uzito mdogo, wewe unajua wako, mchungaji wa kanisa lile la karibu anajua wake, na tafadhali muiteni, Maweni ile ina Waswahili, Wagiriama, Wajaluo, wabara, njaa haikuuliza mtu anasali wapi. Kila mmoja aandike majina yake kivyake, yale yanayojirudia ndio muanze nayo. Anzeni na familia 15 ama 20 ambazo muna uhakika mutaziweza miezi sita. Hata 10. Mukianza na 60 mukashindwa mwezi wa pili mumerudisha ule uji mwepesi jikoni, na safari hii hawatawaamini tena.

Na kwa kuwa mama atakuwa anakuja kila wiki mbili, mutumie hio nafasi kwa mambo mengine. Mtoto ana cheti cha kuzaliwa? Bibi wa miaka 70 na kitu ashaandikishwa Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za mwezi za serikali? Kitabu cha kliniki kiko wapi, vitamini A ya kila miezi sita kashapewa? Mara nyingi familia inakosa haki yake kwa sababu ya karatasi moja tu na nauli ya kwenda kuifuata. Pengine hapo mutasaidia zaidi kuliko kwenye unga.

Haya, kijana wako wa nusu hamri. Ustadh, watoto wanaosinzia chuoni tunawaona kwa sababu wana miguu ya kuja chuoni. Mimi namuogopea asiyekuja. Miaka miwili ya kwanza, ukihesabu na mimba siku 1,000, ndio wakati mwili na ubongo vinajengwa, akidumaa hapo kurudisha baadae ni kazi ngumu mno. Na kaunti yetu ya Kilifi ndiyo iliyokuwa mbaya kushinda zote kwenye uchunguzi wa afya wa taifa wa 2022, watoto 37 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kenya kwa jumla ni 18. Wanaweza wakawa wanacheza, wanacheka, mtu haoni kitu, anaona ni mfupi kama babake.

Kwa hivo kabla ya benki, kabla ya kikao cha vijana, wiki hii mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wenu muende pamoja kwa huyo kijana, na utangulie wewe kuongea na mamake ili asione amevamiwa. Huwa wanayo ile tepu ya rangi ya kupimia mkono. Mdogo wake kama ni wa miezi 6 hadi miaka 5 apimwe katikati ya mkono wa kushoto wa juu: ikisoma chini ya sentimita 12.5, manjano, aandikishwe kliniki. Chini ya 11.5, nyekundu, siku hio hio hospitali, usingoje Jumatatu. Na umfinye kwa kidole gumba upande wa juu wa mguu, sio chini ya unyayo, miguu yote miwili, uhesabu mpaka tatu pole pole. Ukitoa kidole na shimo likabaki, huyo pia ni hospitali siku hio hata kama mkono ni mnene, unene ule ni maji. Wenye hali hio wanatibiwa kwa vile vipaketi vya siagi ya karanga iliyoongezwa virutubisho, na hio musimgawie na kaka yake, ni ya mgonjwa.

Kaka yake naye Jumamosi mpe mahamri mawili. Moja umwambie ni la hapa, lazima limalizike mbele yako, la pili umfungie wewe mwenyewe. Na kama kuna mtu wa kuwapikia, badala ya chai ya rangi na hamri, wapikie hao saba uji wa unga wa paketi na unga wa dagaa na kijiko cha mafuta, chai ikae mbali kidogo na chakula kwa sababu inazuia mwili usichukue madini ya chuma. Watakunja nyuso wiki ya kwanza kwa harufu ya dagaa. Tia ndimu kidogo.

Ukishampima huyo mdogo niandikie ilisoma ngapi.